Rozela ya Mama

Mimi ni mfagiaji tu wa maabara hapa Bagamoyo, huenda naeleza vibaya. Mama alitoa damu ya utafiti, wataalamu wakajaribu kama kipande cha kirusi kitashikamana na chembe zake za kinga. Nilimnywesha rozela, ile juisi nyekundu inayosemwa huongeza damu, wiki nzima ili damu yake ifaulu, kana kwamba ni mtihani. Hilo kosa langu, si lake. Kipande hakikushika.

“Kwa hiyo damu yangu mbovu?” mama akauliza, machozi yakimlengalenga.

“Hapana, mama,” binti mpimaji wa maabara akamjibu. “Kila mtu ana vishikio vyake kwenye chembe. Kutoshika nako ni jibu.”

Mama akamsogezea yule binti chupa ya rozela iliyobaki.

“Basi andika hivyohivyo, mwanangu. Na hii kunywa wewe, umekonda.”