Kidole cha Mzee Ainea

Jumamosi, mwanzo wa Machi. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua imekataa kunyesha.

Mwanangu, leo umeniletea karatasi ya kuomba wilaya yetu igawanywe tena. Nimeiacha mezani bila sahihi, ukanuna. Haki yako. Acha nikuandikie kilichonifunga mkono.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Chekalini. Nilikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, nikafanywa karani wa kamati kwa sababu ya mwandiko tu. Tulitaka wilaya yetu. Kufuata kitambulisho mpaka Kakamega mjini kulikuwa ni kulala huko, halafu unaambiwa urudi wiki ijayo. Sababu ilikuwa nzuri, hata leo siikani.

Siku ya mkutano niliketi mlangoni na daftari. Anayejua kuandika alitia sahihi, asiyejua alibonyeza kidole chenye wino. Niliwaambia ni ya kuonyesha waliohudhuria. Asubuhi yake mwenyekiti akaniamuru nibandike kurasa zile nyuma ya barua ya kuomba wilaya, ziwe za waliokubali. Nikabandika.

Gari la wajumbe wa kuipeleka barua lilikuwa linanguruma alipofika Mzee Ainea, jirani yetu aliyehamia kutoka Maragoli akanunua kipande cha shamba la zamani la mzungu. Akaomba nimsomee barua. Nikamsomea.

"Na kidole changu kiko hapo?"

"Kiko, mzee."

"Mimi nasikilizanga kwanza. Nilikuja kusikiliza. Mkichora mpaka, kesho mtaanza kuulizana nani ametoka wapi. Kitoe."

Mwenyekiti akacheka. "Mzee, kidole kimoja kitaonwa na nani huko? Karani, panda gari."

Mzee hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilikuwa na wembe mfukoni, wa kuchongea penseli. Kukata kile kipande chenye kidole chake ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikapanda gari.

Wilaya ilikuja. Niseme haki: ofisi ilisogea, na shangazi yako alifuata kitambulisho akarudi kabla ya chakula cha mchana. Mzee Ainea naye hakufukuzwa na mtu. Labda aliogopa bure, labda ni bahati. Sina elimu ya kuamua.

Lakini nilipozunguka na karatasi ya kuomba josho la ng'ombe, alinipa kiti, akanipa chai, kisha akaficha mikono kwapani.

"Andikeni bila mimi," akasema. "Si mmezoea."

Alikufa hivyo, hajagusa wino tena, hata kwa karatasi za shamba lake. Watoto wake wamehangaika nazo miaka.

Kwa hiyo omba mgawanyo ukiona unafaa. Mimi bado sijui. Ila kabla ya kumpa mtu wino, msomee yote, na anayekataa mwandike kwamba amekataa, kwa mwandiko ule ule mzuri. Kesho anza na mimi, unisomee polepole. Mungu akulinde, mwanangu, na milango ya watu hawa isifungwe ukibisha hodi.

Jioni tumekula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Wewe ndiye uliyenimiminia maji ya kunawa.