Mtani Aliyenifichia Chaki

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nusura nilie. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta Masasi meza ya puli, mchezo ule wa kusukuma mipira kwa fimbo hadi itumbukie mashimoni. Newala nako ikafika meza, na sisi vijana tukajiona mabingwa. Haikupita muda tukaitwa Masasi kushindania kombe la wachezaji wa ridhaa.

Niliondoka kijijini kwetu Mkunya, huko huko Newala, nimeshawaapia wenzangu kwamba kombe litalala Newala. Alinisindikiza mjomba wangu, mtu mpole asiyependa maneno. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo aibu yangu ilikuwa yake.

Nikafika fainali. Karibu na meza alikaa Baba Fatuma, fundi cherehani wa pale Masasi, Mmakua. Na Wamakua ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukusema, hata kukunyang'anya kitu chako, nawe hukasiriki. Unakikomboa kwa kicheko na zawadi kidogo. Basi kila nilipotumbukiza mpira, mzee aliwaomba watu wamhurumie Mmakonde, ametafuta maji kwao Newala kwenye shida ya visima hadi amechoka, sasa anachungulia visima mezani. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilifura.

Ukabaki mpira mmoja, ule mweusi, nichukue kombe. Nikatafuta chaki ya kupaka ncha ya fimbo, haipo. Mzee ameificha ndani ya kofia yake, anadai korosho ndipo aitoe. Mtoto yeyote wa kwetu anajua la kufanya hapo: unaahidi gunia zima, mnacheka, mchezo unaendelea. Mimi nikamvua kofia kichwani, nikachukua chaki, kofia nikaitupa chini.

Hasira hasara, mwanangu. Nilipiga kwa nguvu, fimbo ikateleza na kuchana kitambaa cha meza. Meza yenyewe moja tu. Mwamuzi akasema kisipotengenezeka, kombe halitakuwa na mwenyewe.

Mjomba akasimama.

"Okota kofia ya mtani wako," aliniambia. "Kombe tutalitafuta siku nyingine. Mtani hatafutwi, tumeachiwa na wazee."

Nilipiga magoti, nikaiokota, nikaikung'uta vumbi, nikasema shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, akaivaa taratibu, akanitazama.

"Mimi nimekufichia chaki tu, mtani. Akili umeificha mwenyewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Naye akaenda kibandani kwake, akarudi na sindano na uzi, akakishona kitambaa huku akinisimanga kwa kila tundu. Mchezo ukaendelea. Zamu ilikuwa ya mpinzani wangu, karani mmoja mtulivu wa palepale Masasi, naye akaimaliza mipira yake yote, na ule mweusi juu yake. Kombe likabaki Masasi. Nilimpa mkono kwa moyo mweupe, ila kupanda gari kurudi Mkunya kulikuwa kazi.

Miaka ikapita, mjomba akafariki. Katika wageni wa mbali, wa kwanza kufika alikuwa Baba Fatuma. Alishika jembe akachimba na vijana, kisha akajilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka, anadai nafasi ile aliahidiwa yeye. Tulicheka tukilia, na msiba ukawa mwepesi mabegani. Siku hiyo ndipo nilipolielewa neno la mjomba.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, ukiguswa kidogo unanuna, midomo kama umelamba ndimu. Sikulaumu, damu yako ni yangu. Lakini ukitaniwa mbele za watu, cheka kwanza, mengine yatafuata. Ushindi utafute kwa bidii zote, ila usimdhalilishe mtu kwa ajili yake, maana kombe halijui njia ya kuja msibani kwako. Mola akupe mkono mtulivu na kifua kipana, akuzeeshe kuliko mimi, na siku yako ikifika, akujalie watani wa kugombea kaburi lako.