Mwandiko Mmoja wa Matemwe

Ijulikane kwanza kwamba Salhiya binti Muhiddin hakufukuzwa chuo kikuu. Wanaosema hivyo vibarazani Malindi, mjini Unguja, hawajapata kumwuliza mwenyewe. Katika nyumba ya marehemu Muhiddin hapana aliyewahi kufukuzwa kazi. Salhiya aliacha kwa hiari, baada ya miaka kumi na tisa ya kusomesha historia na kusoma nyaraka za kale, na sababu ni barua kumi na mbili.

Zilitoka kijiji cha Matemwe, kwa wasichana walioomba kulipiwa masomo ya sekondari na mfuko wa hisani ambao Salhiya alikuwa mjumbe wa kamati yake. Majina kumi na mawili, mwandiko mmoja. Mwenyekiti, Bwana Abrahman, aliona ni udanganyifu, akataka zitupwe. Salhiya aliomba wiki moja. Umri wake wote alikuwa akiwatafuta waandishi waliokwisha kufa; huyu alikuwa hai, na alitaka kumjua.

Alizunguka Matemwe akitazama kila kilichoandikwa. Nyuma ya skuli akakuta karatasi mlangoni: "Barafu ipo. Gonga." Mkia wa ile "g" ulijikunja kama ndoana, sawasawa na kwenye barua. Akagonga. Akatoka mwanamke kijana, Mwanapili, mikono imekauka chumvi ya mwani.

"Shikamoo, bibi. Barafu ngapi?"

"Marahaba. Nnamtaka aliyeandika hii."

Mwanapili hakukana. Alisema wasichana walizijua shida zao, ila waliogopa lugha ya kiofisi, ndipo akawaandikia. Yeye aliacha skuli kidato cha pili, alipoozwa.

"Na barua yako iko wapi?"

"Kila mmoja alikaa hapo akanieleza, nkaandika. Mie nkamweleze nani?"

Salhiya akavua viatu, akakaa mkekani, akatoa kalamu.

Salhiya alipowaeleza aliyoyaona, kamati iliwaita wasichana mmoja mmoja. Hapana aliyesema tofauti na barua yake, wote wakakubaliwa. Ikabaki ya kumi na tatu.

"Mwandiko huu wako, Bi Salhiya," Abrahman akamtania. "Umeshaolewa Matemwe?"

Akajibu kwamba aliyemwandikia mwombaji hapaswi kumpigia kura, akatoka nje. Walipomwita arudi ndani, Mwanapili alikuwa amekubaliwa kurudi darasani, na Salhiya akaombwa aifanye kazi hiyo kwa kudumu: kuzunguka vijijini kuwasikiliza wasioweza kujiandikia. Muhula ulipokwisha aliaga chuoni kwa maandishi, na nakala ipo.

Sasa watu wanauliza Mwanapili alieleza nini siku ile mkekani. Barua ni ya mwenyewe, na mume wake yu hai. Hapana litakaloongezwa.