Jicho Langu Lilisema Kushoto

Mwanangu, siku ile ya machimbo ya Salamabila naikumbuka mpaka harufu ya udongo wake. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na watu wa kwetu Wamaza waliniita mwenye jicho. Sababu ilikuwa mbuzi mmoja tu. Alipotea, nikatazama ndani ya beseni la maji, nikasema yuko nyuma ya mihogo ya shangazi. Wakamkuta huko. Tangu hapo kichwa kikanivimba.

Asubuhi hiyo Mwajuma, mke wa mchimbaji aitwaye Saidi, alikuja na pikipiki, kilemba kimemwangukia shingoni. Shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka. Saidi na mdogo wake Juma walikuwa ndani.

"Dada, twende ukatuangalizie."

Nikapanda. Njia nzima alilia akisema mume wake anachimba tundu la kushoto, siku zote kushoto, kulia hapendi.

Chini ya shimo lile kulikuwa na matundu mawili, na nafasi ya wanaume wawili tu kuchimba kwa zamu. Ilibidi kuchagua. Mzee Kalonda, mchimbaji wa zamani, alikuwa amekita mtaimbo ardhini na kuuwekea sikio.

"Nyamazeni basi! Kuna mutu anagonga. Iko kulia."

"Wewe mzee hata azana huisikii," kijana mmoja akamcheka, "utasikia mutu chini ya udongo? Mwenye jicho amefika. Aangalie yeye."

Wakaniletea beseni. Maji yakatulia. Nikaona uso wangu na mawingu, basi. Pale ndipo ningepaswa kusema sioni kitu. Lakini watu wote walinitazama, na Mwajuma alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nikafumba macho, na kweli picha ikaja, wazi kabisa: Saidi ameketi, tochi kichwani, tundu la kushoto.

"Kushoto," nikasema.

Wakachimba kushoto. Jua likapanda, likatupita kichwani. Mzee Kalonda akarudi kwenye mtaimbo wake. "Wanagonga wawili," akasema. Vijana wakaendelea kuchimba kushoto. Baadaye akasikiliza tena, akainua kichwa. "Sasa anagonga mmoja."

Na mimi nilinyamaza, mwanangu. Sikuwaambia kwamba majini sikuona kitu.

Kushoto wakafika kwenye mwamba mtupu. Ndipo wakahamia kulia. Saidi wakamtoa akipumua; siku hiyo alikuwa ameingia kulia kumsaidia mdogo wake. Juma walimtoa nyuma yake, amekufa. Nilimgusa mkono, ulikuwa bado na joto.

Mzee Kalonda hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Binti, nani alikuambia kushoto?"

Nilitaka kusema maji. Nikakumbuka maneno ya njiani. "Mwajuma."

"Na yule mbuzi wako wanaomusifu?"

Nikatafuta akilini, nikaona haya. Nilikuwa nimemsikia akilia kule nikienda kuchota maji, nikasahau.

"Basi uko na masikio kama sisi. Mbona ulitunyima neno moja tu, 'sijui'? Tungechimba kulia tangu asubuhi."

Siku hizi nawaona mnampigia simu mwenye jicho wa mjini Kasongo, au wa mbali zaidi, awaangalizie ndugu aliye migodini. Sikatazi mtu kuota. Nakuambia nilichokiona mwenyewe: picha inayokuja wakati wa hofu inaweza kuwa ya maneno uliyoyasikia, au ya kile unachokitamani, na haikuonyeshi imetoka wapi. Hata mwenye kuiona haimwambii. Mimi sikudanganya, na bado mtu alikufa. Kwa hiyo mtu akipotea, uliza kwanza waliopo pale pale. Msikilize aliyeweka sikio ardhini, hata kama wenzako wanamcheka. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, useme upesi, kabla watu hawajashika chepeo na kuanza kuchimba. Aibu yake ni ya siku moja.

Mungu akupe ujasiri wa kukiri usichokijua mbele ya watu wengi. Kila utakayemtafuta, akukutanishe naye angali mzima. Amina.