Usiiguse Pikipiki Yangu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa dereva wa bodaboda asiye na bodaboda, na tuliishi naye Bunju katika chuki ambayo hakuna aliyejisumbua kuificha. Nilikuwa nimemkataza, mbele ya dada yake, asiiguse kabisa pikipiki yangu.

Asubuhi ya usaili wa kazi ya ualimu kule Wazo, baada ya miezi mingi bila ajira, pikipiki iliwaka, ikafika getini, ikazima. Nilipiga kiki mpaka shati jeupe likalowa. Nilifungua plagi, nikaifuta, nikairudisha. Nikailaza ubavu kama wafanyavyo mafundi. Haikuwaka. Shemeji alisimama barazani na kikombe cha chai, akinitazama kwa raha.

"Msomi, hiyo chuoni hawakuwafundisha?"

"Kama unajua tatizo, sema."

"Si ulisema nisiiguse? Basi mie siigusi."

Zilibaki dakika ishirini. Nilimchukia kuliko siku zote, lakini kazi niliihitaji zaidi.

"Shemeji, tafadhali, iguse."

Aliweka kikombe chini, akainama, akageuza koki ya mafuta kwa kidole kimoja. "Nani kaifunga?"

Nikakumbuka. Niliifunga mwenyewe siku iliyotangulia, ili akiichukua kwa siri kubebea abiria, imzimikie njiani.

Nilipiga kiki moja, ikawaka. Kazi niliipata. Asante sijampa mpaka leo, na koki bado naifunga.