Anayeomba ya Kumi na Tano

Shangazi alinipa sharti moja, na alilitoa huku akikunja vitambaa dukani kwake Bagamoyo, bila hata kuniangalia.

"Nionyeshe mtu mmoja anayesikiliza. Mmoja tu, mwanangu. Ukimpata, nitaendelea kurekodi. Usipompata tuache, maana nimechoka kuzungumza na ukuta."

Tulikuwa tumefikisha sehemu kumi na nne. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri nilikuwa naweka kwenye tovuti yetu sauti yake akifundisha pishi moja la nyumbani kwao. Picha hakuzitaka kabisa, alikubali sauti tu. Mapishi yale aliyapokea kwa mama yake, naye mama yake kwa bibi yake, na wanawake wa rika langu katika ukoo wetu, mimi nikiwa wa mbele, halua tunaijua kwa kuinunua. Shangazi akinyamaza, yanaishia kwake. Kisha kwenye harusi moja, jamaa mmoja wa upande wa wakwe akamwambia mbele ya watu kwamba vitu vyake kwenye mtandao havisikilizwi hata na paka. Shangazi akacheka na wenzake, akarudi nyumbani, akasusa. Wiki sita zikapita bila sehemu mpya.

Niliumia kuliko yeye. Mimi hasira zangu haziko mbali, na nikikasirika lazima mikono ifanye kitu. Safari hii nilijua pa kuipeleka.

Seva, ile kompyuta inayoibeba tovuti yetu, ina tabia ya karani asiyechoka. Kila mtu anapofungua ukurasa, yenyewe huandika mstari mmoja: anwani ya aliyekuja, aina ya kifaa chake, saa aliyokuja, alichoomba, na kama amekipata. Huandika hivyo mchana kutwa, usiku kucha, na mimi niliyeiweka sikuwahi kuisoma hata siku moja. Basi Jumamosi asubuhi, nyumbani kwangu Zinga, nikamimina chai, nikafungua laptopu na kuingia kwenye seva. Ni Linux tupu, haina picha wala vitufe. Unaandika amri, unangoja jibu.

Nilichotaka ni programu ya kuisoma ile mistari na kuipanga ieleweke. Kuisimika kulichukua amri moja tu. Herufi zikateremka mbio kwenye kioo cheusi, zikasimama, kwisha. Nikapiga meza kwa furaha. Nikaipa faili lenye ile mistari ilisome, ikanijibu: ruhusa imekataliwa. Mimi niliyeijenga seva kwa mikono yangu nanyimwa ruhusa mlangoni kwangu! Nikajipa ruhusa. Nikajaribu tena, ikasema haielewi hata mstari mmoja, kwa sababu tarehe zimeandikwa kwa mtindo ambao haikuambiwa. Nikaitukana kidogo, nikahangaika na faili la mipangilio mpaka chai ikapoa. Kosa lilikuwa neno moja. Nikalibadilisha, nikabonyeza, na kioo chote kikajaa rangi: majedwali, siku, saa, kurasa. Juu kabisa iliandikwa idadi ya wageni wa wiki ile. Zaidi ya elfu mbili.

Niliruka. Sisemi kwa mfano, niliruka kweli, kiti kikaanguka. Nikampigia shangazi palepale.

"Shikamoo shangazi! Watu elfu mbili!"

"Marahaba. Elfu mbili wamefanya nini?"

"Wamekuja kwako! Wiki hii peke yake!"

Nikasikia anavuta pumzi. "Mashaallah," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Sina subira, na subira ndiyo iliyohitajika. Jumapili nilikaa tena niwatazame wageni wangu mmoja mmoja, nikaona mambo ya ajabu. Mmoja alikuwa amesoma kurasa zote kwa sekunde moja. Mwingine alikuwa anaomba kurasa ambazo hatukuwahi kuwa nazo, za kuingilia ofisini kwa msimamizi, anajaribu mlango huu, anajaribu ule. Hao hawakuwa watu. Walikuwa roboti, wengine wa kukusanya kurasa za dunia nzima na wengine wezi. Programu ilikuwa na namna ya kuwaweka kando, imeelezwa wazi kwenye maelekezo ambayo niliyaruka kwa haraka zangu. Nikawaweka kando. Elfu mbili wakawa arobaini. Nikaondoa anwani ya kwangu na ya dukani. Wakabaki wachache waliochungulia ukurasa wa mbele wakaenda zao. Aliyesikiliza, hakuna.

Nikampigia shangazi nimwambie kweli, lakini aliniwahi. Alikuwa ameshakaanga visheti. Sahani saba zimefunikwa kawa, zimepelekwa nyumba saba za mtaani, na kila nyumba imeambiwa kuna watu elfu mbili wanaosikiliza. Huo ndio ustaarabu wa kwetu: ukipata la furaha, jirani alionje likiwa la moto. Nikasema hongera shangazi, nikakata simu, nikashika kichwa.

Niliona aibu, na juu ya aibu, hasira. Nikarudi kwenye kioo angalau niwazibie njia wale wezi, nikafungua jedwali la kurasa zilizoombwa zikakosekana. Lilijaa milango yao ya uongo. Katikati yake kulikuwa na mstari mmoja usiofanana na mingine. Mtu alikuwa ameomba sehemu ya kumi na tano.

Sehemu ya kumi na tano haikuwepo. Hakuna mahali tulipoitaja. Mtu huyo alichukua anwani ya sehemu ya kumi na nne, akafuta nne kwa mkono wake, akaandika tano. Alikuwa anatumia simu, kwa mtandao wa hapahapa nchini. Alhamisi, saa kumi na dakika arobaini alasiri.

Seva huyakunja mafaili ya wiki zilizopita yakawa madogo, nami nilikuwa nimeisomesha programu la wiki hii tu. Nikayakunjua yote, nikatafuta hiyo kumi na tano peke yake. Mistari sita. Alhamisi sita mfululizo, kila moja baada ya alasiri, na kila mara seva imemjibu kwamba haipo. Nyuma ya hapo, katika mafaili ya zamani zaidi, simu ileile ilikuwa imesikiliza zote, kuanzia ya kwanza, nyingine mara tatu. Nililia na kucheka kwa pamoja. Nikabeba laptopu nikaenda Bagamoyo.

Nilianza na la roboti, nisije nikaogopa baadaye. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo visheti vyangu vimekaangiwa mashine?"

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Vimeliwa na binadamu, havikupotea. Na mtu wangu mmoja je?"

Nikamgeuzia kioo, nikamwekea kidole kwenye ile mistari, nikamweleza mmoja baada ya mwingine. Alivaa miwani, akasogea.

"Ya kumi na nne niliishia wapi?"

"Kwenye halua. Ulisema wanga ukishachanganyika, akoroge asiache hata kidogo, na samli atie lini utamwambia Alhamisi, inshaallah."

Akajiziba mdomo. "Subhanallah! Wiki sita nimemwacha mtu na mwiko mkononi!" Kisha akavua miwani, na hakuwa anacheka tena. "Nimesema inshaallah, mwanangu. Nimelitaja jina la Mungu, halafu nikasusa kwa maneno ya harusini. Yeye kaja kila Alhamisi, mimi sipo."

Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akarekodi palepale kwa simu yangu, dakika ishirini, akianza kwa kuomba radhi.

Alhamisi tulikaa wawili mbele ya kioo cheusi, baada ya swala. Niliandika amri inayoonyesha mistari palepale inapoandikwa. Ilipita roboti moja, ikapita nyingine, na kila mara shangazi alinibana mkono. Saa kumi na dakika arobaini na mbili mstari ukateremka: sehemu ya kumi na tano, imepatikana.

"Kafika?"

"Kafika, shangazi."

"Karibu," akakiambia kioo, kwa sauti ya kumpokea mtu barazani. "Karibu sana, na utuwie radhi."

Hatukunyanyuka. Dakika ishirini na moja baadaye mstari mwingine ukapita kutoka simu ileile, nikausoma mara mbili kabla ya kusema. Alikuwa anaomba ya kumi na sita.

"Huyu naye!" shangazi akasema, macho yamejaa machozi. "Mwambie Alhamisi, inshaallah." Akajifunga mtandio vizuri. "La, hebu lete hiyo simu yako turekodi."