Ritifaa Mbili

Kompyuta ya zamani ya redio ilikuwa imejaa hadi haikubali kuhifadhi hata dakika moja ya sauti. Ndani yake mlikuwa na mahojiano ya marehemu mzee Ng'wandu, yaliyorekodiwa vipande viwili na ambayo hayakuwa na nakala popote pengine. Kwenye benchi la mapokezi alikaa binti yake, Nyanjige, aliyetoka Nkoma asubuhi ile. Mama yake haoni tena. Alichoomba ni kusikia sauti ya mumewe.

Felisita, fundi mitambo wa redio hiyo ndogo ya Bariadi, alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Nivumilie kidogo." Vipande havingeunganishwa bila nafasi, na nafasi ingepatikana kwa kufuta folda zilizokwisha kuhamishiwa diski mpya. Alikuwa ameandika skripti ya kazi hiyo. Inachukua jina la folda, inalifunga kwa alama za kunukuu, inalibandika baada ya amri ya kufuta, kisha inaikabidhi kompyuta sentensi nzima iisome na kuitekeleza. Alama zile ziliwekwa kulinda majina yenye nafasi katikati, ili Shija Luhende asisomeke kama watu wawili.

Majina yakaanza kupita, kwa alfabeti, polepole kama diski kuukuu inavyokwenda. Deogratias, mkuu wa studio, alisimama nyuma ya kiti chake akilalamika kwamba umeme ungekatika wakati wowote. Walipofika M, skrini ikatoa kosa: folda ya Mwang'ombe imegoma, alama ya kunukuu haikufungwa.

"Mwache huyo, dada Feli," Deogratias alisema. "Hata alipokuwa hai alikuwa mbishi."

Skripti ikaendelea. Felisita hakucheka. Ritifaa ya Mwang'ombe, kile kialama cha ng', na alama ya kunukuu ya skripti vilikuwa kitu kimoja, kitufe kimoja. Kompyuta ilipoifikia ng' ilidhani nukuu imekwisha. Ile ya mwisho ikafungua nukuu nyingine isiyo na mwisho, na kompyuta ikapiga kelele. Je, jina lenye ritifaa mbili? Ya pili ingefungua nukuu upya, na ile ya mwisho ingeifunga. Hesabu ingekuwa sawa, na kelele isingekuwapo.

Baada ya M ni N. Ng'wandu Ng'wani, mwimbaji wa Shishiyu, si yule mzee, alikuwa anakuja.

Akabonyeza kusimamisha.

"Sasa?" Deogratias aliuliza.

Felisita alibadilisha skripti isifute chochote, ila ionyeshe kila neno ililopokea kwenye mstari wake, kisha akaipa jina la mwimbaji. Maneno mawili yakajitokeza: Ngwandu. Ngwani. Ritifaa zimemezwa, jina limepasuka katikati.

Na folda iitwayo Ngwandu ilikuwepo, na hiyo ndiyo ingefutwa. Constantine, mtangazaji aliyehamia kutoka Dar, ndiye aliyemrekodi mzee na kumwandika hivyo, bila ritifaa. Felisita hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe ni Ng'wigulu nyumbani na Ngwigulu kwenye vyeti vyote, tangu mwalimu wa darasa la kwanza alipomwambia aache kuchafua daftari kwa vidoa.

Alifungua folda ile. Vipande viwili vilikuwemo.

Hakubandika alama nyingine juu ya zile. Angekuwa anaziba tundu moja na kuliacha jingine. Aliifuta sentensi yote. Sasa amri ya kufuta ilisimama peke yake, na jina likapewa nafasi yake kando, likiwa zima, kompyuta ilipokee bila kulisoma upya. Akajaribu tena kwa kuonyesha tu. Ng'wandu Ng'wani akatoka mstari mmoja, na ritifaa zake zote. Mwang'ombe naye. Hapo tu ndipo aliporudisha ufutaji.

Nafasi ilipatikana. Aliunganisha vipande, akavitia kwenye flashi, akamwita Nyanjige asikilize. Mzee alianza kwa kutaja jina lake, taratibu, ng' ikitokea puani kama inavyotakiwa. Nyanjige alijifunika mdomo kwa kanga. Baadaye akainama mbele ya skrini, palipoandikwa Ngwandu.

"Hapo mmeandika nani?"

"Baba yako, mayu."

"Huyo simjui."

Felisita alibadilisha jina la faili. Kidole kilisita juu ya kile kitufe cha ritifaa, kisha kikabonyeza.